Kubadilisha fisha bodi Unguja na Pemba: mwongozo kamili wa kupima, kukadiria na kusimamia kazi

Mbao zinazozunguka ukingo wa paa, ambazo mafundi wetu huziita fisha bodi, ndizo zinazofunga ncha za kenchi (fremu za mbao zinazolibeba paa), zinazobeba gata (mfereji unaokinga maji ya paa), na zinazouzuia upepo wa kusi usipenye chini ya bati. Mwenye nyumba anapoona zimepinda au zimeanza kuoza, jambo la kwanza analouliza huwa ni bei ya ubao mmoja dukani. Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halimfikishi mbali, kwa sababu katika kazi ya namna hii mbao zenyewe mara nyingi hazifiki nusu ya fedha zitakazotumika. Kinachopandisha gharama ni kilichojificha nyuma ya ubao, namna kenchi zilivyopangwa, na hali ya ubao siku ile unapopigiliwa misumari. Mwongozo huu unaifuata kazi tangu ukaguzi hadi malipo ya mwisho, ili mwenye nyumba aandike makadirio yake mwenyewe kabla hajakaa na fundi kupatana.

Ukaguzi kabla ya kuuliza bei

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: ngazi imara, bisibisi bapa, futi kamba, kalamu na daftari. Ngazi iegemezwe ukutani, isiegemezwe kwenye gata wala kwenye ubao wenyewe, na miguu yake iwe mbali na ukuta kwa robo ya kimo unachopanda. Anayepanda futi 12 aiweke ngazi futi 3 kutoka ukutani, na mtu wa pili aishike chini muda wote. Kabla hujapanda, tazama waya wa umeme unaingilia wapi. Katika nyumba nyingi waya unaotoka nguzoni hufungwa karibu na ukingo wa paa, na pengine hukamatishwa kwenye fisha bodi yenyewe. Ikiwa ndivyo, kazi isianze mpaka Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, liuondoe waya huo au liukate umeme wake, kwa hiyo omba huduma hiyo mapema na uiingize katika makadirio. Usikubali fundi seremala akwambie kwamba atausogeza mwenyewe kwa kipande cha mti.

Ukishakuwa juu, usiuamini uso wa ubao. Rangi ya mafuta inaweza kung'ara kwa mbele huku mbao imeshakwisha kwa nyuma. Chomeka bisibisi mahali panne: kwenye maungio ya mbao mbili, kwenye kona za nyumba, nyuma ya vishikio vya gata, na kwenye ukingo wa juu unaogusana na bati. Ubao mzima huikataa bisibisi, ikakwama juu juu. Ubao uliooza huipokea hadi nusu inchi au zaidi, na ukiichomoa hutoka na nyuzi laini za rangi ya tumbaku, zenye unyevu hata siku ya jua kali. Tazama pia vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda ukutani hadi kwenye paa, pamoja na vitundu vidogo vyenye unga, ambavyo ni alama ya dumuzi. Palipo na mchwa, kichuguu kitafutwe na kitiwe dawa kwanza, kwani ubao mpya utaliwa kwa njia ile ile ya zamani.

Chora daftarini umbo la nyumba kama linavyoonekana kutoka juu, uzipe pande zake herufi, na utie alama kila ulipokuta uozo. Mchoro huo ndio utakaokuonesha kama tatizo ni la upande mmoja au la nyumba nzima. Ikiwa uozo uko upande mmoja tu na pande nyengine zimeikataa bisibisi, badilisha upande huo peke yake. Lakini ikiwa maungio yameoza huku na huku, hata kama katikati mbao bado ni nzima, mimi nashauri zibadilishwe zote kwa mara moja, kwa sababu gharama ya kufunga jukwaa, kushusha magata na kumleta fundi hulipwa upya kila unaporudi.

Kisha fanya jambo ambalo wengi huliruka: ng'oa ubao mmoja, pale palipo pabaya zaidi, kabla ya kupatana bei. Ncha za kenchi huwa zimefichwa na fisha bodi, na hali yake haijulikani kwa kutazama kutoka chini. Ubao unaweza kuonesha uozo wa futi 2 au 3 tu kwa nje, lakini ukiung'oa ukakuta ncha tatu au nne zinazofuatana zimekuwa nyeusi na zinachanguka kwa kidole, kwa kuwa maji ya gata lililoziba yamekuwa yakirudi nyuma ya ubao msimu baada ya msimu. Anayegundua hivyo siku ya ukaguzi hupanga fedha zake kwa utulivu. Anayegundua wakati nusu ya paa iko wazi na fundi amesimama juu ya jukwaa hulipa bei yoyote atakayoambiwa.

Chanzo cha uozo

Ubao mpya ukipigiliwa pale pale bila kuondoa kilichouozesha wa zamani, fedha zimetupwa. Visiwani kwetu vyanzo vikubwa ni vinne, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni bati fupi. Bati linatakiwa litokeze mbele ya fisha bodi kwa kiasi cha inchi 2, ili maji yaanguke ndani ya gata au chini moja kwa moja. Likiwa limekatwa sawasawa na ubao, maji hugeuka kwenye ukingo wake, yakarudi nyuma na kuteremka kwenye uso wa mbao. Si lazima kubadilisha bati zima. Ukanda wa bati uliokunjwa, unaoingizwa chini ya ukingo na kuelekezwa ndani ya gata, unatosha. Cha pili ni gata lililojaa majani. Gata la sentimita 10 kwa 10 likijaa maji hubeba kilo 10 kwa kila mita moja, maana yake ni kwamba upande wa nyumba wenye futi 40, ambazo ni kama mita 12, huning'iniza zaidi ya kilo 120 kwenye ubao ule ule ambao unalowana. Nyumba zilizo chini ya miembe na mikarafuu huwa katika hatari hii kila mara, na kwa Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko Unguja, magata hayana budi kusafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Chanzo cha tatu ni kichwa cha ubao, yaani pale msumeno ulipokata. Mbao hunyonya maji kwa upande huo kuliko upande mwengine wowote, na ndiyo sababu uozo huanzia kwenye maungio na kona. Fundi anayepaka rangi baada ya kupigilia hawezi tena kukifikia kichwa hicho. Cha nne ni misumari ya kawaida isiyotiwa zinki. Hewa ya chumvi huila haraka, kutu hutanua tundu, na maji huingia kwa kufuata shina la msumari. Kwenye nyumba za karibu na bahari, kama zile za Nungwi, Jambiani au Makangale, jambo hili huonekana mapema sana: michirizi ya rangi ya kahawia chini ya kila kichwa cha msumari.

Kupima urefu

Anza kujua paa lako ni la namna gani. Paa la vipaa vinne lina ukingo wa mlalo pande zote, hivyo unapima mzunguko wa paa peke yake. Paa la vipaa viwili lina ukingo wa mlalo pande mbili, na pande mbili zilizobaki zina mbao zinazopanda kwa mshazari hadi kileleni. Pima kwenye ncha za paa, usipime kwenye ukuta. Upenu huongeza futi kadhaa kila upande, na hesabu iliyofanywa kwa kuta hutoka pungufu siku zote.

Chukua mfano wa nyumba yenye kuta za futi 36 kwa 26, na upenu wa futi 2 pande zote. Paa linakuwa futi 40 kwa 30. Likiwa la vipaa vinne, mzunguko ni 40 na 30 mara mbili, yaani futi 140. Likiwa la vipaa viwili, pande ndefu zinatoa futi 80, na mishazari minne inapatikana kwa kujua kimo cha kilele. Tuseme kilele kiko futi 8 juu ya ukingo, na nusu ya upana ni futi 15. Zidisha 15 kwa 15 upate 225, zidisha 8 kwa 8 upate 64, jumlisha upate 289, na kipeuo chake ni 17. Kila mshazari ni futi 17, minne ni 68, na jumla ya nyumba ni futi 148. Hesabu hii humwepusha mtu na kupanda paani kupima mshazari kwa mkono.

Nafasi ya kenchi huamua idadi ya mbao

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika. Mtu hugawa futi 140 kwa 12, ambao ni urefu wa kawaida wa ubao dukani, akapata 11 na ushei, akanunua 12. Lakini ubao hauwezi kukomea hewani; maungio ya mbao mbili lazima yakae juu ya ncha ya kenchi. Kwa hiyo nenda ukapime nafasi kati ya kenchi na kenchi, toka katikati ya moja hadi katikati ya nyengine.

Zikiwa na nafasi ya futi 4, ubao wa futi 12 hukamilisha nafasi tatu bila kupotea kitu. Upande wa futi 40 utachukua mbao tatu nzima na kipande cha futi 4, na upande wa futi 30 mbao mbili na kipande cha futi 6. Kwa pande zote nne unahitaji mbao 10 nzima, ubao mmoja wa kutoa vipande viwili vya futi 6, na mwengine wa kutoa vipande viwili vya futi 4. Jumla ni 12, na ukiongeza mmoja wa akiba kwa ajili ya kona, nyufa na mafundo, unanunua 13.

Nafasi ikiwa ni futi 5, ubao wa futi 12 hukatwa ubaki futi 10, na futi 2 zinabaki chini kama kipande. Sasa upande wa futi 40 unataka mbao nne na wa futi 30 mbao tatu. Jumla ni 14, na pamoja na ya akiba ni 15. Nyumba ni ile ile, lakini mbao mbili zimeongezeka. Fundi mzuri anaweza kuyaokoa hayo kwa kupigilia kipande cha mbao nyuma ya maungio yaliyoangukia kati ya kenchi mbili, kipande chenye urefu wa futi 2 kinachoshika mbao zote mbili. Njia hiyo ni halali, ila maungio hayo yanahitaji kuzibwa na kupakwa rangi kwa uangalifu zaidi. Mimi naitumia kwenye pande zilizokingwa na mvua, na kwenye upande unaopigwa na kusi naona heri kulipia mbao mbili za ziada.

Kuchagua mbao

Ubao unaotumika sana kwa fisha bodi ni wa inchi 1 kwa 8 au inchi 1 kwa 10. Upana utokane na kimo cha ncha za kenchi pamoja na unene wa papi (mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa juu yake), kisha ubao uteremke kidogo chini yake ili ufiche dari ya nje. Nenda dukani na futi kamba yako mwenyewe. Ubao ulioitwa wa inchi 1 hupungua ukipigwa randa, na ukiwa chini ya robo tatu ya inchi usiununue kwa kazi hii, kwa sababu utapinda kati ya kenchi na kenchi.

Mbao za paini ndizo zilizoenea. Nyingi hutoka Bara, ambako msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wilayani Mufindi katika Mkoa wa Iringa, ni mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini. Kutoka huko hupanda lori hadi pwani, huingia chomboni, hushushwa na mahamali, na mara nyingi humalizia safari ndefu hadi shamba kwa gari la ng'ombe. Kila mkono unaozigusa una malipo yake, na ndiyo sababu mtu wa Pemba aulize bei ya ubao uliokwisha kufika mlangoni, asilinganishe bei ya duka la Unguja na ya duka la Chake Chake kana kwamba bahari haipo kati yao. Mara nyingi majirani wawili au watatu wakinunua pamoja na kukodi gari moja, kila mmoja huokoa zaidi kuliko angeokoa kwa kubishana bei na mwenye duka.

Paini isiyotiwa dawa haifai kwenye ukingo wa paa. Iliyotiwa dawa hujulikana kwa rangi yake ya kijani, lakini rangi ya juu juu si ushahidi; omba kipande kikatwe, utazame kama dawa imeingia ndani au imepakwa tu. Dawa ya kijani inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Kwa hiyo vipande na unga wa mbao hizo visitumike kama kuni, wala visitupwe jikoni, katika tanuri la mkate au mahali mbuzi wanapolala. Moshi na jivu lake vina sumu ile ile. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu vipande vya futi 1 au 2 ndivyo vinavyowavutia watu kuvikokea moto, na watoto ndio wanaotumwa kuviokota. Anayekata mbao hizo avae barakoa na anawe mikono kabla ya kula.

Mbao ngumu kama mvule, mninga na msaji huvumilia maji na wadudu vizuri zaidi, ingawa bei yake ni kubwa. Mfenesi uliokomaa, wenye moyo wa manjano, nao si mbaya. Mwembe usitumike kabisa nje. Huoza upesi na wadudu huupenda. Fisha bodi za plastiki ngumu haziozi wala haziliwi na mchwa, lakini hutanuka kwa jua, hivyo ziachiwe nafasi ya milimita 5 hadi 8 kwenye maungio, la sivyo zitavimba katikati. Alumini inafaa karibu na bahari, wakati bati la chuma lililokunjwa, hata likiwa na zinki, litaanza kuota kutu pale lilipokatwa.

Makadirio yenyewe

Bei nitakazotumia hapa ni za kuonesha njia ya hesabu tu. Andika za kwako kutoka maduka yasiyopungua mawili. Tunabaki na nyumba ile ile ya futi 140, kenchi zikiwa na nafasi ya futi 4, na ubao wa inchi 1 kwa 10.

Mbao 13 kwa shilingi 30,000 kila mmoja: 390,000.
Mbao 3 za inchi 2 kwa 4, za kurekebisha ncha 9 za kenchi, kwa 15,000: 45,000.
Praima (rangi ya chini inayotangulia), kopo la lita 4: 35,000.
Rangi ya mafuta, kopo la lita 4: 45,000.
Misumari ya inchi 3 yenye zinki, kilo 2 kwa 7,000: 14,000.
Msasa, brashi na dawa ya kuzibia maungio: 25,000.
Usafiri: 40,000.
Kukodi mirunda na kamba za jukwaa: 50,000.
Mafundi 2 kwa 30,000 na msaidizi 1 kwa 15,000, siku 4: 300,000.

Jumla ni shilingi 944,000. Ongeza asilimia 15 kwa dharura, ambazo ni 141,600, na bajeti inafika 1,085,600, sawa na takriban shilingi 7,750 kwa kila futi. Mbao za fisha bodi ndani ya 944,000 ni asilimia 41 tu.

Rangi nimeikadiria hivi. Ubao wa inchi 1 kwa 10 una mzunguko wa inchi 22; ukizidisha kwa futi 154, yaani futi 140 pamoja na sehemu ya kumi ya akiba, unapata karibu mita 26 za mraba za kupakwa praima pande zote. Lita moja hupaka takriban mita 10 hadi 12 za mraba, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha na kubaki. Rangi ya juu hupakwa mara mbili, lakini kwenye uso wa mbele na ukingo wa chini tu, hivyo nayo inarudi kwenye mita 26 zile zile.

Sasa badilisha jambo moja moja uone linavyosogeza jumla. Ukinunua mbao ngumu kwa bei maradufu, 60,000 kila mmoja, jumla ya 944,000 inakuwa 1,334,000. Bei ya ubao imeongezeka kwa asilimia 100, lakini kazi nzima imeongezeka kwa asilimia 41. Kwa hiyo ubao ambao utadumu mara mbili ya ule wa rahisi ndio wenye gharama ndogo kwa kila mwaka wa matumizi, maana ufundi, jukwaa na usafiri havitarudiwa. Geuza upande wa pili: umebaki na paini, lakini ncha za kenchi zilizooza si 9 bali ni 20. Kila mbao ya inchi 2 kwa 4 hutoa vipande vitatu vya futi 4, kwa hiyo utahitaji mbao 7 badala ya 3, ambazo ni 60,000 zaidi, na siku mbili za ziada za ufundi kwa 75,000 kila siku, ambazo ni 150,000. Nyongeza ni 210,000, zaidi ya moja ya tano ya kazi yote, na hakuna hata ubao mmoja wa fisha bodi ulioongezeka. Hiyo ndiyo faida ya kung'oa ubao mmoja siku ya ukaguzi.

Wakati wa kufanya kazi

Miezi mizuri ni ya kipupwe, baada ya masika kumalizika, na tena Januari na Februari kabla mvua hazijarudi Machi. Nunua mbao wiki mbili au tatu kabla ya kazi, uzipange kivulini juu ya vijiti vinavyoacha hewa ipite kati yake, na uweke uzito juu ili zisipinde. Mbao zilizoshuka chomboni karibuni huwa nzito kwa maji. Zikipigiliwa hivyo zitasinyaa paani, maungio yatafunguka na rangi itabanduka. Kwa Pemba, zingatia pia msimu wa karafuu. Vijana wengi huwa mashambani wakichuma, na baada ya mauzo watu wengi hutengeneza nyumba zao kwa pamoja, kwa hiyo fundi mzuri apewe miadi mapema.

Kupatana na fundi

Kuna njia mbili za kulipa: kwa kutwa, au kwa kazi nzima. Malipo ya kutwa yanafaa pale ambapo hali ya kenchi haijulikani, kwa kuwa hakuna anayedhulumiwa zikikutwa zimeoza. Lakini yanataka mwenye nyumba awepo. Malipo ya kazi nzima yanafaa ukishang'oa na kuona. Yaandikwe kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja, na yaseme: futi ngapi, ubao wa aina gani na upana gani, praima pande zote kabla ya kupigilia, misumari yenye zinki, bei ya kila ncha ya kenchi itakayoongezeka, nani anashusha na kurudisha magata, na nani analipia bati likiharibika. Mbao nunua mwenyewe ukiwa umefuatana na fundi. Gawanya malipo ya ufundi katika mafungu matatu: la kuanzia, la pili mbao zote zikishapigiliwa, na la mwisho likae mpaka mvua ya kwanza kubwa inyeshe.

Ikiwa nyumba iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba nyingi za huko zina mbao za ukingo zenye nakshi za kukatwa kwa msumeno, na nakshi hizo ni sehemu ya sura ya mji. Kabla ya kuzing'oa, bandika karatasi nene juu ya kipande kilicho kizima zaidi, uchore mzunguko wake wote, na uihifadhi kama kigezo. Kazi ya nakshi hupatanwa na seremala wa nakshi kwa futi, na isichanganywe na hesabu niliyoionesha juu.

Utaratibu wa kazi

Siku ya kwanza hufungwa jukwaa na kushushwa magata. Usikubali upande mrefu ufanywe kwa ngazi peke yake. Ubao wa futi 12 unahitaji watu wawili wenye mikono huru. Paa likiwa la zamani na bati zake ni za simenti yenye asbesto, zisikatwe wala zisitobolewe, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Fisha bodi za zamani zisibanduliwe kwa kuzisukuma kwenda juu, maana nguvu hiyo huikunja bati. Pitisha msumeno wa chuma kati ya ubao na ncha ya kenchi, ukate misumari, kisha uushushe ubao mzima. Ncha iliyooza ikatwe mpaka kwenye mbao safi, na kipande kipya cha inchi 2 kwa 4 kipigiliwe ubavuni mwake, futi 3 zikilala kwenye sehemu nzima na futi 1 ikitokeza kuchukua nafasi ya kilichokatwa. Nusu ya ncha iliyooza isiachwe kwa kudhani kwamba ubao mpya utaifunika.

Wakati mafundi wanarekebisha kenchi, msaidizi apake praima mbao zote chini, nyuso zote, kingo zote, na vichwa mara mbili. Kila ubao utakaokatwa tena upakwe kichwa kipya hapo hapo kabla haujapanda. Kopo na brashi vikae karibu na msumeno. Kisha uvutwe uzi kutoka kona hadi kona. Ncha inayozidi uzi ipunguzwe, inayopungua iongezewe kipande, mpaka uzi uziguse zote kwa usawa. Saa moja inayotumika kwenye uzi ndiyo inayofanya ukingo wa paa uonekane umenyooka ukiwa barabarani.

Mbao zipigiliwe misumari miwili kwa kila ncha, mmoja karibu na juu na mwengine karibu na chini, na kwa mbao ngumu matundu yatangulizwe kwa keekee ili zisipasuke. Maungio yakatwe mshazari, moja lilale juu ya jengine, yapakwe rangi kabla ya kukutanishwa. Ukanda wa bati uingizwe pale bati lilipopungua, ndipo rangi ya juu ipakwe mara mbili, mkono wa pili baada ya ule wa kwanza kukauka kabisa. Magata yarudishwe yakiwa na mteremko wa inchi 1 kwa kila futi 20. Upande wa futi 40 unaweza kuanza kuteremka katikati kuelekea kona zote mbili, ili mlizamu (bomba la kuteremshia maji) uwekwe kila mwisho na gata lisizidi kushuka.

Kabla jukwaa halijafunguliwa, panda mwenyewe, mimina ndoo ya maji ndani ya gata, na utazame yanakwenda wapi. Uwanja uokotwe misumari yote ya zamani. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, simama chini ya upenu utazame uso wa ndani wa kila ubao na kila maungio. Panapoonekana maji yakiteremka nyuma ya ubao, ukanda wa bati haujafika ndani ya gata, na fundi aurefushe kabla hajachukua fungu lake la mwisho.